Ohm nyingi si ubora

Wengi huuliza kama hedifoni ya studio ya Beyerdynamic, DT 770 Pro, ya ohm 250 ni bora kuliko ya ohm 80. Hapana, ya 250 haiishindi ya 80 kwa sababu tu namba ni kubwa. Ohm ni kipimo cha ukinzani wa umeme. Ukinzani ukipanda, hedifoni inadai volti zaidi ili ipige kwa sauti ileile. Nimetumia zote mbili: ya 250 ukiichomeka kwenye simu au laptop unapandisha sauti mpaka mwisho na bado mlio unabaki mnyonge. Kama saundi kadi yako (kifaa cha kuunganisha maiki na hedifoni kwenye kompyuta) ni ile ndogo inayotegemea umeme wa USB, chukua ya 80 ulale usingizi. Hiyo 250 inamfaa mwenye ampu (kikuza sauti) ya maana.

Zote vikombe vyake vya masikio vimefungwa nyuma, kwa hiyo ni nzuri kumrekodia mwimbaji, biti haivujii kwenye maiki. Ila kwenye kumiksi ziangalie: besi yake imenona na huko juu zinachoma kidogo. Usipunguze besi kwa kuziamini zenyewe tu, sikiliza na kwenye spika ya gari kwanza. Na Bluetooth weka kando kabisa wakati wa kurekodi, sauti inachelewa.