Bunduki ya shabaha: fundi wa hapa Kanada au wa Marekani?

Kaka, umeuliza kama bunduki yako ya shabaha ya masafa marefu uitengenezeshe hapa Ontario au uiagize kwa fundi wa Marekani, kwa kuwa bei yake imekuvutia. Mimi ningebaki hapa. Tangu Machi 2020 kuuza bunduki za aina hii nje ya Marekani kunasimamiwa na Wizara ya Biashara ya nchi hiyo, lakini kuileta Kanada bado kunataka kibali. Mafundi wadogo wengi hawataki usumbufu huo. Watakupeleka kwa wakala, naye ana ujira wake. Halafu upige hesabu ya kubadili dola ya Kanada kuwa ya Marekani.

Ila kinachonisumbua hasa ni mtutu. Wa 6.5 Creedmoor, aina ya risasi inayopendwa kwa shabaha ya mbali, huchoka baada ya risasi elfu mbili, tatu hivi. Ukichungulia ndani kwa kamera nyembamba, utaona koo lake, yaani pale risasi inapoingilia mtutuni, limepasukapasuka kama tope lililokauka. Fundi wa jirani unampelekea kwa gari Jumamosi. Wa ng'ambo, ni vibali upya.

Mwambie fundi uzito wa risasi utakazotumia, ndipo achague msokoto wa mtutu, yaani ile mifereo ya ndani inayoizungusha risasi. Na .50 BMG, ile risasi kubwa mno, usiifikirie: tangu Mei 2020 Kanada inakataza bunduki ambazo nguvu ya risasi ikitoka mtutuni inazidi jouli 10,000.