Swali la lugha: ndege "wala" wadudu au "walao" wadudu?

Mwalimu wa shule ya msingi wa Kirumba, hapa Mwanza, anauliza: "Nimebandika bango darasani: 'Ndege wala wadudu wa misitu ya milimani'. Mtoto mmoja akauliza, 'Mwalimu, kwani huko hakuna ndege?' Nimekosea wapi?"

Hujakosea, mwalimu, ila huyo mtoto ana sikio zuri, mpongeze. Tunazo "wala" mbili. Moja ni ya kukanusha: "Leo sikupata sato wala sangara." Nyingine ni wingi wa "mla", kama mla rushwa, wala rushwa. Zinaandikwa sawa na kutamkwa sawa, mkazo uleule kwenye "wa". "Wala rushwa wamekamatwa" haimchanganyi mtu, kwa kuwa hakuna nomino iliyotangulia. Lakini ndege na wadudu wote ni wakazi wa msitu, kwa hiyo sikio linawapanga kama orodha. Ongeza ukanushi, "Sikuona ndege wala wadudu", na msomaji hana namna ya kujua umekosa kuona nini.

Andika "walao wadudu" au "wanaokula wadudu". Iangalie hiyo "ku": katika "wanaokula" imebaki kwa sababu kuna "na" ya wakati na kirejeshi "o" (chenye maana ya "ambao") katikati. Katika "walao" kirejeshi kimekaa mwishoni, wakati hautajwi, na "ku" imeanguka. Kwa umoja ni "alaye" au "anayekula". "Hula" nayo haitaki "ku".

Mchoro wa ndege wa bango lako, ulioniletea pamoja na swali, nimeupenda sana: kichwa cha kijivu cha kuelekea buluu, tumbo la manjano, na doa jeupe mbele ya kila jicho. Wataalamu humwita ndege huyo Pogonocichla stellata, na hilo neno la pili ni Kilatini, maana yake "mwenye nyota". Huku ziwani hatumwoni. Yuko Usambara, Uluguru na milima mingine yenye misitu. Chini ya mchoro ungeandika: "Ndege huyu hula wadudu. Siafu wakipita, huwafuata adake wadudu wanaowakimbia."

Bado kuna "wa misitu ya milimani". Pale ulipoiweka, imewashika wadudu badala ya ndege. Isogeze, na bango lisomeke: "Ndege wa misitu ya milimani walao wadudu".