Barua kwa Mwanangu Kuhusu Tahasusi ya Mdogo Wako

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Umeniuliza kama mdogo wako, ambaye kwa kidato cha tano amepangiwa HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) ilhali alama zake za Hisabati za kidato cha nne zinamruhusu kusoma EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), abadilishe tahasusi, yaani huo mseto wa masomo matatu, kabla muda wa mabadiliko haujaisha. Unataka neno moja tu. Nitakujibu, ila niwie radhi nikianzia mbali, kwa maana kila ninapolifikiria somo la Uchumi, kinachonijia kwanza ni karatasi moja iliyokunjwa mara nne.

Unaikumbuka nyumba ya babu yako. Bati lile aliliezeka mwaka 1977, na sisi watoto tulikua tukiambiwa kwamba mwaka ule kahawa ilijaliwa bei. Nilipoingia kidato cha tano, mwalimu wetu wa Uchumi alitueleza kwamba Julai 1975 sakitu, ile baridi kali ya kugandisha, iliunguza mibuni ya Brazili, ugavi wa kahawa duniani ukapungua, na bei ikapanda kwa miaka miwili mfululizo. Siku ile nilifurahi kupita kiasi, kwa kuwa nilikuwa nimefundishwa darasani jinsi nyumba yetu ilivyopata bati.

Hiyo ilikuwa 1989, na mwaka huohuo, mwezi Julai, nchi zinazouza kahawa na zile zinazoinunua zilishindwa kuelewana, migao ya mauzo iliyokuwa ikishikilia bei chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ikasimamishwa, na bei katika soko la dunia ikaporomoka kwa karibu nusu kabla mwaka haujaisha. Nilirudi likizo ya Desemba nikiwa na daftari lililojaa michoro ya ugavi na mahitaji. Jioni moja babu yako alitoka kwenye chama cha msingi, akaketi bila kuvua koti, akasema kwamba malipo ya pili, yale yanayofuata bei ya awali, hayajulikani yatakuja lini.

Nami nikaanza kumweleza. Uchumi tulifundishwa kwa Kiingereza, kama unavyofundishwa hadi leo, kwa hiyo nilimtajia baba yangu, mbele ya mama na wadogo zangu, neno la Kiingereza lenye maana kwamba watu hawanywi kahawa nyingi zaidi kwa sababu tu bei imeshuka. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akatoa stakabadhi mfukoni, akaikunjua, akainyoosha mezani kwa kiganja na kuisogeza mbele yangu pamoja na penseli, akaniuliza kwa upole, “Neno lako hilo limeandikwa mstari upi?”

Nilitazama. Palikuwa na kilo, bei ya awali, ushuru, kisha makato ya mruturutu, dawa aliyokopeshwa kunyunyizia mibuni. Sikuweza kumjibu. Miaka yote hii imepita, na bado naona aibu nikikumbuka kwamba nilimfundisha bei mtu aliyeichuma kahawa hiyo punje kwa punje.

Hakuniacha hivyo. Tulikaa na kibatari tukapiga hesabu: kilo ngapi zilimezwa na dawa, ngapi na ushuru, ngapi zilibaki za chumvi, mafuta ya taa na nauli yangu ya kurudi shuleni. Usiku ule ndipo nilipoelewa kwamba mtu aliyekopa dawa kwa bei ya juzi na kuuza kahawa kwa bei ya leo anaweza kufanya kazi mwaka mzima akabaki na deni, jambo ambalo michoro yangu haikuwa imenionyesha. Mmenisikia nikisema mara nyingi kwamba Uchumi huanza kwenye stakabadhi, na sasa unajua nililitoa wapi neno hilo.

Kwa hiyo ungedhani nitasema EGM, kwa sababu ya hesabu. Hisabati ya juu ni nzito na inakula usiku wa mtoto, lakini humfungulia mlango wa takwimu na wa shahada za uchumi zinazodai hesabu, na BAM, yaani hesabu za msingi anazosoma mwenye HGE, ni kijisomo cha nyongeza tu, haimfikishi mbali hivyo. Lakini nikijihoji vizuri, nani alimfanya babu yake babu yako apande mbuni, na kwa nini bei yake ikapangwa kwenye mkutano ambao hapakuwa na mkulima wa kihamba, shamba la nyumbani kama letu? Hayo ni Historia. Hata stakabadhi ile, ukiisoma kwa hesabu peke yake, itakwambia kiasi alichokatwa bila kukwambia kwa nini yeye ndiye aliyekatwa. Tena mdogo wako anapenda Historia. Nimemwona akiisoma bila kusukumwa, na Hisabati huifanya kwa sababu anaiweza. Kuiweza na kuipenda havilingani katika miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita. Ila naye akiukimbia ugumu sasa, ataukimbia hadi lini?

Kalamu imetaka kuandika EGM mara mbili, nami nimeizuia mara mbili, kwa kuwa mtihani ataufanya yeye. Mwambie aje Jumamosi kabla hajajaza chochote. Stakabadhi bado ninayo ndani ya Biblia ya bibi yako. Nitamwekea mezani pamoja na penseli, nami nitakaa kimya nione ataanza kuuliza nini.

Ni mimi mama yako.