Usimwachishe mzee dawa za Parkinson kienyeji

Juzi kuna dada kanitumia meseji, mama yake ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaofanya mwili utetemeke na kukakamaa, na kila akimeza levodopa, dawa yake kuu, anatapika, sasa ndugu wanamshauri aachane na hizo dawa. Dada yangu, usithubutu! Nimemuuguza baba na ugonjwa huu, watu wakasema karogwa, wengine eti namlisha sumu za hospitali, mpaka leo roho inaniuma. Ila Alhamdulillah mzee sasa anafunga vifungo vya kanzu mwenyewe na msikitini anakwenda, na walewale ndo wananipigia simu kuuliza anatumia dawa gani.

Kilichotusaidia zaidi ni kufuata saa. Anameza levodopa na karbidopa, hiyo inaisaidia levodopa ifike kwenye ubongo, na kuna siku zilikuwa zinashika vizuri na kuna siku ni kama hajameza kitu, mpaka mfamasia akaniuliza anamezea na nini. Maharage, nyama, maziwa, kumbe protini inagombania njia na levodopa, basi siku hizi anameza nusu saa kabla ya kula au chakula kikishashuka. Vidonge vya kuongeza damu pia usimpe saa hiyohiyo, madini ya chuma yanapunguza nguvu ya dawa.

Sasa hiyo ya kutapika ndo uwe makini. Zahanati moja walimchoma baba metoklopramaidi, dawa ya kuzuia kutapika, wengi tunaijua kama Plasil, na ile inazuia dopamini kwenye ubongo, kemikali ya kuendesha mwili ambayo levodopa inaiongeza, yaani levodopa inajenga yenyewe inabomoa. Mzee alikakamaa hata kujigeuza kitandani hawezi, nililia jamani. Toka hapo kwenye kadi yake kuna maandishi mekundu: ASIPEWE METOKLOPRAMAIDI WALA HALOPERIDOLI (hiyo ya pili ni dawa ya magonjwa ya akili, nayo inazuia dopamini). Na wewe andika, usione aibu kumuuliza nesi anachoma nini, mzazi ni wako.

Halafu wanaoleta unga wa upupu eti dawa ya asili haina madhara, upupu una levodopa ndani yake, na hakuna anayejua kijiko kimoja kina kiasi gani, ukichanganya na vidonge dozi inazidi, mtu anaanza kujipinda mwili na kuona watu wasiokuwepo.

Kuacha ghafla ndo kubaya kuliko vyote, mwili unakaza, homa inapanda, mtu anaweza kufa, kwa hiyo usisubiri kopo liishe ndo uanze kutafuta hela. Dada, mpeleke mama kwa daktari na dawa zake zote, za kienyeji pia, umwambie anameza saa ngapi na anatapika saa ngapi, yeye ndo abadilishe dozi.