Draya yenye meno yanayotikisika: mmeuliza, najibu

Tangu niseme nimejaribu kile kichwa cha kuchomeka mbele ya draya, kile chenye meno yanayotetemeka, maswali hayakatiki. Leo nayajibu kwa mkupuo, mengine kwa urefu, mengine nayapitia fasta maana hayana mengi.

Dada, hiki kitu ni nini hasa? Si ni difyuza tu?

Ndiyo shosti, ni difyuza. Ile ya kawaida unaijua, kibakuli kipana chenye vidole, kazi yake ni kutawanya upepo usipige sehemu moja. Hii ni hiyohiyo ila vidole vyake vinacheza. Zipo zenye betri na kimota kidogo, ndani yake kuna kipande cha chuma kizito upande mmoja, kikizunguka kinayumbisha kila kitu, mtindo uleule unaofanya simu itetemeke ukiitoa mlio. Zipo pia zisizo na betri kabisa, upepo wa draya wenyewe unazungusha kapangaboi kadogo ndani, na hako ndo kanasukuma meno. Wazo lake ni kuiga vidole vya msusi, si unajua anavyokutingisha nywele kule kwenye mashina huku anapuliza? Basi ni hilo tu, hamna uchawi.

Nywele zangu laini, zinalala kichwani kama zimepigwa pasi. Zitajaa kweli au naliwa hela?

Wewe sasa ndo mtu wake. Ngoja nikueleze kwa nini, maana ukielewa hapa hata bila hiki kifaa utafanikiwa. Nywele ikilowa kuna vifungo vidogo ndani yake, vinaitwa vya haidrojeni, vinaachia, halafu ikikauka vinajifunga upya, na vinajifunga kwa umbo lolote ambalo nywele imekaa dakika hiyo. Ikikauka imelala inabaki imelala, ikikauka imeinuka inabaki imeinuka. Kwa hiyo meno yanachofanya ni kuzuia shina lisigande likiwa limelala, yanaliinuainua mpaka maji yaishe.

Usianze nazo zinachuruzika. Nywele mbichi ya maji inavutika na kukatika kirahisi, sasa ukiiweka kwenye meno yanayotikisika unategemea nini? Zikamue na tisheti ya zamani, zipige upepo wa kawaida mpaka ziwe na unyevu tu, halafu inamisha kichwa, sukuma meno mpaka yaguse ngozi, tulia hapo kidogo, toa, hamia pengine. USIBURUTE kama unachana. Na kabla hujatoa kifaa bonyeza kile kitufe cha hewa baridi, watu wengi wanakiona pambo kumbe ndo kinachofanya zikae, maana nywele ikiwa bado ya moto inapinda tu upya ukiigusa. Ila ukitoka ukakutana na hewa yenye unyevunyevu au ukaingia bafuni kwenye mvuke, zitarudi kulala, vifungo ni vilevile na maji ni yaleyale.

Mimi ni natural, kipilipili haswa. Ninunue?

Kwa kweli mimi nisingenunua. Na nilinunua, ndo maana nasema.

Sisi wa kipilipili nywele kujaa siyo shida yetu, zinajaa zenyewe. Tunachotafuta kwenye draya mara nyingi ni kuzinyoosha kidogo zisisinyae, na kunyoosha kunataka mvuto, kichana kinashika kinavuta huku upepo unapita. Haya meno hayavuti, yanatikisa tu, na nywele ya kujisokota ukiitikisatikisa inatafuta jirani wa kujisokota naye. Mimi ilinishika nyuma ya sikio, nywele zikajizungusha pale chini ya jino linapoanzia, nikazima draya, nikachomoa kichwa chake kikabaki kinaning'inia kichwani kama hereni, robo saa nzima nipo kwenye kioo na mafuta na mkia wa kichana natoa unywele mmoja mmoja. Kama unacho tayari, zima kutikisika, kitumie kama difyuza ya kawaida kukaushia vijipindo vyako, tena ukishavipaka kondishena ya kuacha kichwani, uvishike kwa utulivu bila kuvichezea. Ukitaka kunyoosha tafuta ile draya ya kichana.

Moto unaua nywele, si bora nianike tu zikauke zenyewe?

Nilikuwa naamini hivyo mpaka nikakutana na utafiti mmoja wa Korea Kusini wa 2011. Walilowesha na kukausha nywele mara 30, nyingine kwa draya kwa umbali tofauti, nyingine bila draya. Kwa sm 5 joto lilifika nyuzi 95 na ganda la nje likaumia vibaya, kwa sm 15 lilikuwa nyuzi 47 tu. Kilichonishangaza ni hizi zilizoachwa zikauke zenyewe, ganda la nje zuri lakini ndani, ile tabaka inayogundisha seli, ikavimba, maana zilikaa na maji muda mrefu. Wakamalizia kwamba draya kwa sm 15 huku unaisogeza ina nafuu kuliko kuanika. Sasa angalia, hiki kifaa chetu kinagusa kichwa kabisa, hizo sm 15 huna, kwa hiyo weka moto mdogo. Moto mkubwa hapana.

Kutetemeka kunaotesha nywele?

Hapana. Nywele inaota kama sm 1 na kidogo kwa mwezi, utikise usitikise. Raha utaisikia lakini.

Nikikichomeka draya inazima yenyewe baada ya muda. Nimeuziwa kibovu?

Siyo lazima. Draya ina swichi ya usalama, joto likizidi inakata, na ukiweka kitu mbele unapunguza upepo unaotoka, kwa hiyo joto linabaki ndani. Chomoa kwenye umeme, iache ipoe, halafu fungua kile kifuniko cha nyuma. Changu nilikuta kimejaa vumbi na nywele zimeshikana kama sufi, nikasugua na mswaki wa zamani, ikawa mpya. Ukishasafisha bado inazima au inanuka kuungua, usiendelee.

Vipi kwenye wigi na rasta?

Wigi la plastiki hapana, moto utalikunja. Rasta nazo meno yataingia kati ya misuko, tumia upepo mtupu.

Dada mimi mwanaume, nataka kumnunulia mke wangu bila yeye kujua. Niangalie nini?

Hongera kaka. Akitoka chukua rula upime mdomo wa draya yake, midomo haifanani na kikipwaya kitadondoka katikati ya kazi. Ncha za meno ziwe za mviringo, na kutikisika kuwe na swichi ya kuzima. Kishike mkononi uone uzito, maana mkono utakuwa juu muda wote. Na kama nywele zake ni kipilipili, rudi pale juu usome kilichonipata nyuma ya sikio kabla hujalipa.