Betri ya toi haionekani, mtoto anacheza tu

Dada, kama unahisi mtoto kaimeza hiyo betri, usisubiri itoke na choo, kimbia hospitali yenye eksirei sasa hivi. Kibetri bapa kama sarafu si sawa na kishikizo au jicho la mdoli, kikikwama kwenye koo la chakula mate yanakifanya kipitishe umeme na ndani ya masaa 2 kinaweza kuunguza vibaya, hata kama kimeisha nguvu hadi hakiwashi tena rimoti. Unasema anacheza vizuri, haya, wa kwangu naye alikuwa anacheza, ila mate yalimchuruzika na uji akawa anausukuma kwa ulimi. Usimtapishe, usimpe chakula. Isipokuwa asali tu, vijiko 2 vya chai njiani kama anameza, maadam umesema kashavuka mwaka, ila isikucheleweshe. Na hiyo toi beba wakaone saizi ya betri.