Wasomaji Wauliza: Kuzuru Makao ya Watawa wa Ladakh

SWALI: Tu watu wanne hapa Malindi. Mwezi wa saba tunataka kwenda Ladakh, kaskazini ya India, kuona makao ya watawa wa Kibudha. Wakala ametupangia siku tano: asubuhi ndege kutoka Delhi hadi Leh, mchana makao ya Thiksey, kesho yake ya Diskit. Zatosha? *Msomaji, Malindi*

JIBU: Zatosha kuumwa. Leh iko kama mita 3,500 juu ya usawa wa bahari, na nyinyi mnalala kwenye usawa wenyewe. Kule kanieneo ya hewa ni ndogo, kwa hiyo kila pumzi huleta oksijeni kama theluthi mbili ya mliyoizoea.

Mkishuka ndegeni mtajiona wazima, na hapo ndipo watu wengi huponzeka. Kichwa huanza kugonga saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, kikifuatana na kichefuchefu na usingizi wa kukatika. Basi siku mbili za kwanza msipange lolote zaidi ya kupumzika, kunywa maji na kutembea polepole sokoni. Thiksey ni kilomita 19 tu kutoka mjini, haikimbii; lakini majengo yake yamepandana ubavuni mwa kilima, na zile ngazi humtoa pumzi hata kijana. Iendeeni siku ya tatu alfajiri, watawa wakiwa kwenye sala, kisha mkaone sanamu ya Maitreya, yaani Buddha ajaye, yenye urefu wa kama mita 15.

Diskit nayo ina mtego. Wakala atawaambia iko chini kuliko Leh, na ni kweli. Asilowaambia ni kwamba njia yapita kipito cha mlimani cha Khardung La, zaidi ya mita 5,300. Iacheni mwisho, msikae pale juu kupiga picha, na kumbukeni kuwa mgeni wa nje huhitaji kibali cha kwenda huko, ambacho mawakala wa Leh humkatia.

Kama mna siku kumi, bora zaidi ni kuingia kwa gari kutoka mji wa Srinagar, ulio karibu mita 1,600. Laleni Kargil, mita 2,700 hivi, halafu mpite makao ya Lamayuru na Alchi kabla ya Leh. Mwili huzoea njiani. Ulizeni kwanza hali ya barabara.

Mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema hali amekaa, msimwache alale mkisema kutapambazuka. Apelekwe hospitali ya Leh saa ile ile apewe oksijeni. Kuteremka si rahisi: barabara nyingi za kutoka hupanda kwanza, na ndege nyingi huondoka asubuhi.

SWALI: Nilipimwa nikaambiwa nabeba selimundu, ila siumwi. Naweza kwenda? Na hiyo Diamox, dawa ya kukinga ugonjwa wa mwinuko, wanayoisifu? *Msomaji, Watamu*

JIBU: Aliye mgonjwa wa selimundu asiende. Anayebeba tu huenda na kurudi salama mara nyingi, lakini oksijeni ikipungua, seli za damu huweza kupinda na kuziba mishipa ya bandama. Maumivu makali ya ghafla chini ya mbavu za kushoto msiyaite gesi. Katika pwani yetu, ambako selimundu imeenea, swali hili lingetangulia la tikiti. Kamwone daktari kwanza.

Diamox kwa kukinga huwa miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Itakukojoza na kukuwasha vidole. Kama dawa ya salfa, mfano Fansidar au Septrin, iliwahi kukutoa vipele, mwambie daktari kabla hajaandika.

SWALI: Sisi ni Waislamu. Tukiingia tutalazimishwa kuinama? Na chakula je? *Wasomaji wawili, Lamu*

JIBU: Hakuna atakayewalazimisha kuinama wala kuzungusha yale magurudumu ya sala. Hukumu ya kuingia kwenyewe muulizeni shehe wenu. Sisi twajibu la adabu. Mavazi yenu ya Lamu yafaa kabisa. Viatu huvuliwa mlangoni na sakafu ni baridi, kwa hiyo chukueni soksi za sufu na viatu vinavyovulika upesi. Ndara hapana, ngazi zitawaangusha. Mzunguke ukumbi mkono wa kulia ukiwa upande wa madhabahu, na mkikaa msinyooshe miguu kuielekea. Mkiandaliwa chai ya siagi na chumvi, onjeni kidogo tu: kikombe kikipungua hujazwa tena. Vyumba vya miungu walinzi, baadhi ya makao hayaruhusu wanawake.

Alchi kamera hufungwa. Michoro yake ina umri wa miaka mia nane na zaidi, imechorwa juu ya kuta za udongo, na kidole chenye mafuta huiharibu kuliko picha.

Msikiti wa Jamia uko sokoni Leh tangu karne ya 17, na Kargil wengi ni Waislamu. Nyama ulizeni imechinjwa na nani. Thukpa, yaani supu ya tambi, hupikwa pia kwa mboga tupu.

Na kadi ya homa ya manjano: chanjo huhesabiwa baada ya siku kumi. Atokaye Kenya bila kadi halali huweza kuwekwa karantini India hadi siku sita.